Ramani Isiyojua Ziwa Letu

Apareyi, mashine ya kuongozea mashua, niliipata Bunia, muji usiokuwa na ziwa wala bandari, na mwaka ule wa vita hata robine za maji zilikuwa zimekauka. Ililetwa na muchimba zahabu mumoja wa Bambu, muislamu mwenye kofia nyeupe iliyokuwa imegeuka rangi ya udongo. Alikuja nayo kwenye kibanda chetu cha kutengeneza radio, kule Nyakasanza. Kibanda kilikuwa cha baba mudogo, ndugu ya baba yangu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Masomo yangu yalikwishia sizieme ya primere, mwaka wa sita wa shule ya musingi, lakini mukono wangu wa kuunganisha waya ulikuwa mutulivu kupita wake, na baba mudogo mwenyewe alikuwa anasema hivyo, hasa akishakunywa chai.

Muchimba zahabu aliweka juu ya meza kitu kama televizyo ndogo, yenye ekra ya kioo. Nyuma yake ulitoka waya murefu, na mwisho wa waya kulikuwa kipande cheusi kama sabuni ya kufulia iliyotumika nusu.

"Waliniuzia hii wakasema inaona chini ya udongo," akasema. "Siku tatu niko natembeza hii sabuni juu ya kilima. Naiweka chini, naangalia ekra: hakuna kitu. Naiweka tena: hakuna kitu. Sasa wenzangu wananiita munganga."

"Na zahabu?" baba mudogo akamuuliza.

"Zahabu iko inacheka tu kule chini."

Hakutaka tuitengeneze. Alitaka kubadilishana na radio moja ya kaseti iliyokuwa kwenye rafu. Baba mudogo alikubali juu ya huruma, nafikiri. Mimi nilikuwa nimeshakubali mbele yake, juu ya vitufe. Bado sijaona kitu chenye vitufe nisichokipenda.

Niliiunga kwenye bateri ya motokari. Ikawaka. Ikaniuliza lugha, nikachagua kifaransa, halafu nikaibeba inje mahali pa wazi, juu ilikuwa inatafuta satelite na chini ya bati haikuona kitu. Nilipobonyeza kitufe cha kurudisha ramani nyuma, nikaona bahari. Niliona pwani za watu ambao sitawajua hata siku moja, na bahari zao zilikuwa zimejaa namba: hapa metre mbili, hapa metre kumi na saba, hapa jiwe, hapa taa, hapa angalia usipite. Mutu mumoja alikuwa ameketi mahali akafikiri hata juu ya lile jiwe moja.

Nikatafuta ziwa letu, ziwa la kule Tchomia na Kasenyi, ziwa la wajomba zangu wa Mahagi. Lilikuwamo. Lilikuwa limechorwa kama sahani ya buluu iliyooshwa ikawekwa ikauke. Hakukuwa namba hata moja ndani yake, wala jiwe, wala kijiji.

Nilikasirika, na mimi si mutu wa kukasirika. Ile miezi tulikuwa tumezoea kusikia ku radio namna siye tunahesabiwa: wangapi wamekufa, wangapi wamekimbia. Na sasa hata kitu kilichotengenezwa kwa kazi ya kujua maji, kikifika kwetu kinaona utupu. Niliiambia ile ekra, pale pale mbele ya wapita njia, kwamba itajifunza kwa nguvu.

Muchimba zahabu alikuwa amekosea kitu kimoja tu. Ile sabuni inataka maji. Inapiga mulio chini, mulio ambao sikio letu halisikii, halafu inangojea mulio urudi, kama mutoto anayeita ndani ya kisima. Ukirudi haraka, chini ni karibu. Ukikawia, chini ni mbali. Niliijaribu mu bwawa la tilapia la parokia, na ekra ikasema metre moja na nusu, na samaki wakapita kama vipande vya kucha.

Padri alikuja akasimama nyuma yangu. "Unavua samaki kwa televizyo, binti yangu?"

"Nawahesabu tu, mon père."

"Hesabu vizuri, halafu uniambie. Mupishi wangu ananidanganya."

Padri huyo njo aliyekuwa ameshatangaza ndoa ya yaya yangu, dada yangu mukubwa. Ilibaki Jumamosi mbili. Bwana harusi alikuwa mwalimu, gauni lilikuwa limeshashonwa, na wote wawili walikuwa wamekataa kungojea vita iishe. Lakini mama hakuwako. Mama yetu alikuwa na kazi ya kununua samaki Tchomia na kuwauzisha Bunia. Siku moja ya soko mapigano yalimukuta kule pwani, akapanda pirogi ya kwanza aliyoiona, na ile pirogi ikamushusha Uganda, ngambo ya ziwa. Ilikuwa mwezi wa ine sasa tangu avuke. Wachuuzi walituletea habari: iko muzima, anakula, lakini hataki kupanda tena pirogi. Juu pirogi moja iliyotoka kule na wakimbizi waliotaka kurudi ilipotea ndani ya moshi, ikashukia kwenye pwani mubaya, ya wale wa upande mwingine wa vita, na hakuna aliyewaona tena wale watu.

Yaya alisema neno moja tu, akiwa anachagua maharagi, bila kuinua macho. "Bila mama, mimi siingii kanisani. Nitakaa mu hii nyumba na gauni langu mpaka mende walimalize."

Baba mudogo akamwambia ndoa inaweza kungojea.

"Ingojee nini? Wale wenye bunduki watupe ruhusa?"

Mimi nilienda kuangalia ekra yangu.

Mujomba wangu, ndugu ya mama, alikuwa na pirogi ya mbao yenye motere pale Tchomia. Nilishuka kwake na kamyo ya wachuuzi, apareyi ikiwa ndani ya sufuria chini ya unga wa muhogo, bateri ikiwa ndani ya mufuko wa makaa. Nikamukuta anashona nyavu.

Ni lazima nieleze namna wanaume wa kwetu wanavyovuka ziwa, juu wanavuka wakiangalia nyuma. Mulima wa upande wa Kongo una meno. Ukiondoka Tchomia unageuka, unaweka jino moja nyuma ya lingine mpaka yafichane, na unashika vile vile. Meno yakiachana, umepotoka. Saa fulani unaacha jino la kwanza unashika la pili, halafu la tatu, na la tatu linakupeleka mpaka ngambo. Baba zao waliwafundisha hivyo. Lakini mu kipindi cha jua, watu wakichoma majani, moshi na vumbi vinafunika mulima wiki nzima-nzima. Wavuvi wanasema mulima umeenda kulala. Mulima ukilala, hakuna anayevuka.

Nilimuonyesha mujomba ekra. Aliiangalia kama mutu anayeangaliwa na mbuzi.

"Inajua mulima?"

"Hapana, mujomba."

"Inajua upepo?"

"Hapana."

"Sasa inajua nini?"

"Inajua mahali tulipopita."

"Mbwa pia anajua."

"Ndiyo. Na mbwa anarudi nyumbani."

Akacheka, akaendelea kushona. Kisha akasema, "Weye mama, uko na mudomo ya bibi yako." Nikajua atakubali.

Mupango ulikuwa mwepesi. Tungengoja siku mulima uamuke. Siku hiyo tungeenda kwa macho ya mujomba, na apareyi ingechora njia yetu. Kurudi, hata mulima ukilala, tungefuata ule muchoro wetu wenyewe.

Tulingoja siku tano. Siku ya ine mvuvi mumoja jirani alipita akasema, "Mutu wa radio bado anangojea emisyo ianze kutangazwa?" Siku ya tano, Jumanne, mvua ndogo ya kupotea ilinyesha alfajiri, na jua lilipotoka mulima ulikuwa umesimama pale, umenawa uso. Tukasukuma pirogi.

Sabuni niliifunga kwenye mubao, chini ya maji, mbali na motere. Ekra niliishika juu ya magoti. Pirogi yetu ilikuwa pembetatu ndogo nyeusi, na nyuma yake ilikuwa inaacha nukta-nukta. Kila mara mujomba aliposema "sasa jino lingine," nilibonyeza alama, na mu kitabu changu cha mazoezi niliandika namba ya alama na metre za chini. Mujomba hakuamini metre zangu. Mahali pa kwanza alisimamisha motere, akashusha kamba yenye jiwe, akaipima kwa mikono iliyonyooshwa, pima kwa pima. Pima ine na kidogo. Ekra ilisema metre saba. Akahesabu mu kichwa.

"Namba yako na kamba yangu ni ndugu," akasema. Baada ya hapo aliniuliza mwenyewe kila mara: ngapi? Nikamwambia kwa kifaransa cha apareyi: dix-neuf, kumi na tisa. Trente, makumi tatu. Quarante et un, makumi ine na moja. Naye akajibu kwa kutikisa kichwa, kama mutu anayesomewa barua ya nyumbani. Miaka yote ile alikuwa anapita juu ya lile ziwa, sasa alikuwa anasikia umbo la chini yake.

Ile sahani ya buluu iliyooshwa ikaanza kuwa na kitu ndani. Namba ndani ya kitabu, nukta ndani ya ekra. Tulipogusa mchanga wa ngambo, apareyi iliniuliza jina la alama ya mwisho. Niliandika MAMA. Ikakubali.

Mama alikuwa amekonda, kitenge kinamuzunguka mara mbili. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, na mimi nililia mpaka wanawake wengine wakaanza kulia bila kujua sababu. Nikishalia nikamwambia: tumekuja kukubeba, ndoa ni Jumamosi.

Akaangalia ziwa. Tayari mulima ulikuwa unafifia.

"Nani anaongoza?"

"Mujomba iko ku motere. Mimi niko ku ekra."

"Weye? Weye uliyepotea kati ya nyumba kule Rwambuzi na soko?"

"Mama, nilikuwa na miaka tano."

"Sita."

Jumatano alikataa. Alhamisi alikataa pia, na mulima ulikuwa umelala kabisa. Ngambo hakukuonekana kitu ila rangi ya majivu. Hakuogopa Bunia. Alisema hivyo wazi: Bunia ni nyumba yake, bunduki ameshazisikia, anazijua kwa sauti. Aliogopa maji yasiyokuwa na pande. Aliwajua wale watu wa ile pirogi. Mumoja alimuachia sufuria amuchungie.

Alhamisi jioni nilimupa maneno ya yaya, yale ya mende na gauni, na yale ya ruhusa. Sikuongeza kitu. Mama akavua kitenge chake, akakifunga upya, kwa nguvu, kama mutu anayeenda shamba.

"Waliniondosha nyumbani mara moja," akasema. "Hiyo waliweza. Lakini kunizuia kurudi, hiyo ni mara ya pili, na mara ya pili siwapi. Mutoto wangu haolewi kama yatima na mimi niko nakula samaki huku."

Ijumaa asubuhi tulisukuma. Haikuchukua dakika kumi, pwani ikafutika nyuma yetu. Mbele hakuna, kulia hakuna, na jua lilikuwa duara jekundu ambalo unaweza kuliangalia bila kufumba. Mujomba, ambaye maisha yake yote alikuwa ameendesha akigeuza shingo, hakuwa na kitu cha kuangalia nyuma. Aliniangalia mimi.

"Kushoto kidogo," nilisema. "Kidogo tena. Hapo. Shika hapo."

Pembetatu ilitembea juu ya nukta zetu za Jumanne kama sisimizi kwenye kamba. Kila alama ilipofika nililinganisha metre na kitabu. Trente-deux, trente-deux. Trente-huit, trente-sept: tofauti ya metre moja tu. Mama aliketi katikati, rozari mukononi. Wote watatu tulijua kitu kile kile: upande wa kaskazini ya Tchomia kuna mudomo wa muto, umejaza mchanga mbali ndani ya ziwa, na pembeni ya ule mchanga njo ile pwani mubaya. Ndani ya moshi pwani zote ni moja. Unajua ni ipi ukishasikia watu wake.

Tulipokaribia ile alama ya quarante et un, ekra ikaandika trois, metre tatu.

Nilifikiri nimesoma vibaya. Trois. Mustari wa chini, ambao ulikuwa ndani kabisa, ulikuwa umepanda ghafla mpaka chini yetu, mweusi, munene.

"Ngapi?" mujomba akauliza.

Ningetaka kudanganya. "Tatu."

Alizima motere mara moja. Mahali pa metre tatu mu lile ziwa, mbali na ukingo, alijua pahali pamoja tu: ule mchanga wa mudomo wa muto.

"Umetupeleka kaskazini," akasema pole pole.

"Kitabu kinasema quarante et un, mujomba. Tuko juu ya nukta."

"Na ekra?"

"Inasema tatu."

"Sasa nani anadanganya?"

Sikujua. Na vile pirogi ilisimama, pembetatu nayo ikapoteza akili: ikisimama haijui tena inatazama wapi, ikawa inazunguka hivi na hivi kama kuku aliyefungwa muguu. Mujomba alishika kamba ya motere. Alitaka kugeuza, turudi Uganda. Niliona mu kichwa yaya anachagua maharagi, na gauni.

"Kamba," nikasema. "Mujomba, namba na kamba ni ndugu, umesema weye. Uliza kamba."

Yeye hakuachia kamba ya motere. Mama njo aliyesogea. Aliweka rozari shingoni, akachukua lile jiwe, akalitupa, na akaanza kuachia kamba kwa mikono iliyonyooshwa, pima kwa pima, kama alivyofanya baba yake mbele yake. Tatu. Tano. Nane. Alikuwa anahesabu kwa sauti. Kumi na mbili. Kamba ikaisha, na jiwe lilikuwa bado linaning'inia.

"Hakuna chini hapa," mama akasema.

Ndege weupe walikuwa wameanza kuanguka juu ya maji karibu yetu, mumoja, watano, na maji yakachemka kama mufuniko wa sufuria. Ni samaki, wale wadogo kama kidole, elfu kwa elfu, wamebanana chini ya pirogi. Mulio wa sabuni ulikuwa umegonga migongo yao ukarudi, ukatuambia ni mchanga.

Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo. "Mutoto wangu, ekra yako imeona paa ya nyumba ya samaki, ikasema ni sakafu."

Mujomba alijipangusa uso. "Na siye tulitaka kukimbia samaki wa kukaanga."

Akavuta kamba ya motere. Vile tulianza kutembea, pembetatu ikanyooka, ikalala tena juu ya nukta zake, na kidogo mustari wa chini ukaanguka mahali pake: quarante. Baada ya pale sikuogopa tena. Nilielewa kwamba apareyi inaweza kukosea na bado ikawa na faida, sawa vile mujomba, sawa vile mimi. Ziwa letu linataka watu watatu kulisoma.

Tchomia tulianza kuisikia kwa pua, moshi wa samaki wanaokaushwa. Halafu sauti ya wanawake wanagombana juu ya mabeseni, kwa lugha yetu, matusi ninayoyajua tangu utoto. Sijasikia kitu kitamu namna ile. Pirogi ikagusa mchanga karibu sana na mti ambao mujomba alikuwa amefungia pirogi mpaka Jumanne. Mwendo wa kutupa jiwe, hata si mbali vile. Aliuangalia ule mti muda murefu.

"Mbwa," akasema.

Apareyi haikufika Bunia. Kwenye bariera, kizuizi cha barabara kule juu ya mulima, kijana wa rika yangu mwenye bunduki aliingiza mukono ndani ya unga akaitoa.

"Hii ni telefone ya kuitia adui."

"Ni ya kuongoza mashua," nikasema.

"Mashua iko wapi hapa juu?"

Wenzake wakacheka, na kusema ukweli ilikuwa ya kuchekesha. Aliichukua. Kitabu changu cha mazoezi alikifungua, akaona namba zilizoandikwa na kalamu, akakitupa chini. Machozi yalikuwa yananitoka. Nilitaka kumuomba, lakini mama alinibana mukono.

"Usimuombe mutu kitu ambacho hajui jina lake," akasema, kwa sauti ambayo yule kijana aliisikia vizuri. Akainama mwenyewe, akaokota kitabu, akakipangusa vumbi, akakiweka ndani ya blauzi yake. "Tunachelewa. Niko na harusi."

Kijana yule alituangalia. Sijui alifikiria nini. Alifungua bariera.

Jumamosi kanisa lilijaa mpaka inje. Kwetu bibi harusi anaingia na wazazi wake kwa muchezo, hatua mbili mbele, moja nyuma, pole pole, na wanakwaya wanaimba mpaka afike. Yaya alisimama mulangoni na lile gauni. Upande mumoja baba mudogo, aliyesimama pahali pa baba yetu marehemu, na upande mwingine mama, mu kitenge cha kuazima kilichokuwa kipana kwake.

Walikuwa wamefika katikati ya kanisa, bunduki zikasikika, mbali, upande wa uwanja wa ndege. Watu wa viti vya nyuma waligeuza vichwa. Muimbaji mumoja alikosa neno. Padri aliangalia mulango.

Mama hakugeuza kichwa. Alisikiliza kidogo, kama mutu anayepima, na bila shaka alijua ni bunduki ya aina gani na iko umbali gani. Halafu akainua muguu: hatua mbili mbele, moja nyuma. Hakuongeza mwendo. Baba mudogo alitaka kuvuta haraka, mama akamurudisha kwa kiwiko, na kwaya, ikiona miguu yake, ikashika tena wimbo. Walichukua muda murefu kufika mbele, murefu kupita harusi zote nilizoziona, na hakuna mutu hata mumoja aliyetoka.